Ndege Hawajui Kuhesabu

Kazi yangu ilikuwa kuondoka.

Watu wakisikia kwamba marehemu mume wangu alikuwa akipiga picha za ndege wa ufuoni, huniuliza kama nilikuwa namshikia kamera, au nilikuwa nakaa nyumbani kumngoja na chai. Mizigo nilibeba, ndiyo, na chai nilipika. Lakini kazi yenyewe, ile ambayo bila mimi asingepata picha hata moja, ilikuwa kuingia naye kwenye kibanda cha mafunjo kando ya ziwa, kukaa kidogo, halafu kutoka na kwenda zangu ndege wakinitazama.

Ndege wa matopeni ana macho makali lakini hesabu hajui. Akiona watu wawili wanaingia kibandani, anaruka na kusimama mbali. Akimwona mmoja anatoka na kwenda, basi kwake yeye watu wameisha. Anarudi kuchokora tope lake, na yule aliyebaki ndani anampiga picha anavyotaka. Lakini mtu akiingia peke yake na asitoke, ndege hasahau, atashinda pale akimpigia kelele. Mume wangu aliponieleza haya mara ya kwanza nilicheka sana. Nikamwambia, "Baba watoto, yaani ulinioa nije kudanganya ndege?" Naye akacheka. Tulikuwa vijana, na sikujua kwamba nitaifanya kazi hiyo mpaka magoti yaniharibikie.

Alikuwa na studio mjini Kisumu, chumba kimoja cha kupigia picha na kingine kidogo cha giza cha kuzisafishia. Kazi alifundishwa na Mhindi mmoja ambaye, miaka michache baada ya Uhuru, alifunga mizigo na familia yake akaenda ng'ambo. Vitu vingi aliviuza, lakini lenzi moja ndefu, ambayo hakuna aliyeitaka, alimwachia mume wangu iwe zawadi ya kuagana. Ilikuwa ndefu kama thamosi ya chai. Mara nyingi nimefikiri kwamba angetuachia meza ya chakula tungefaidika zaidi.

Tuliishi Manyatta. Yeye alikuwa mtu wa ziwani, na mimi natoka juu kwenye mawe na mahindi, huko ambako ziwa tuliliona kwa mbali tu likimetameta. Kila mmoja wetu alikuwa na lugha ya mama yake, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, na tuligombana kwa Kiswahili pia. Nilikuwa na cherehani, nashona yunifomu za shule. Wiki nzima nakanyaga cherehani, na ikifika Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wanawake wengine hulala kidogo, mimi niko nyuma ya baiskeli kabla jua halijatoka, stendi ya kamera mapajani, watoto nimewaacha kwa jirani, tunateremka ziwani.

Ziwa lilikuwa limepanda sana miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, likameza mashamba ya watu. Liliporudi nyuma kidogo kidogo liliacha matope mapana upande wa kusini mwa mji, na hapo ndipo ndege walipopapenda. Walikuja vitwitwi, wale wadogo wa rangi ya vumbi wanaokimbia kimbia ukingoni, ambao mume wangu alisema wanatoka nchi za baridi huko Ulaya na mbele yake. Walikuja wenye miguu mirefu myekundu, wembamba mpaka unawaonea huruma. Walikuwapo pia wale weusi na weupe wanaopiga kelele hata kama ni ng'ombe tu anapita. Wote aliwapiga, na picha akazitundika studio katikati ya maharusi na watoto waliobatizwa. Wateja walizitazama wakimngoja, wakauliza, "Huyu analiwa?"

Kutoka barabarani mpaka kibandani matope yalifika magotini. Viatu unavua, gauni unakunja, na ruba wanakungoja. Tukifika, yeye anakaa kwenye kigoda, anaweka kamera kwenye tundu, anafunika mlango kwa gunia. Tunakaa kimya kidogo. Halafu ananigusa bega, na mimi nainuka kurudi kwenye matope yale yale. Njia yenyewe ni ya viboko, kwa hiyo nilikuwa naimba nyimbo za kanisa kwa sauti ili kiboko asikie nakuja, asishtuke. Mume wangu alisema niimbe kwa nguvu zaidi, maana ndege nao watajua kweli ninaondoka.

Na si hayo tu. Saa ya kumaliza ilikuwa lazima nimfuate tena, kwa sababu mtu akitokea kwenye kibanda ambacho ndege wanaamini ni kitupu, hawatakiamini tena. Kwa hiyo yeye anakanyaga matope mara mbili, mimi mara nne. Katikati ya hapo nilikaa ufuoni na akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, nguo imelowa, nasinzia. Na hao ndege wenyewe sikuwahi kuwaona. Ninasema kweli. Niliwaona wakiruka, basi. Wakati wanarudi mimi nimeshawapa mgongo.

Kulikuwa na ndege mmoja aliyemnyima usingizi. Ni yule wa rangi ya hudhurungi mwenye paji la uso la buluu na vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Mume wangu aliniambia kwamba kwa ndege huyo mke anataga mayai kisha anakwenda kwa bwana mwingine, na baba ndiye anayeatamia na kulea. Nikamwambia hao wana akili kuliko sisi. Lakini yeye hakuwa anatania. Siku moja, filamu ikiwa imekwisha kwenye kamera, alimwona baba huyo amechuchumaa, watoto wakaingia chini ya mabawa yake, kisha akainuka na kutembea nao wamebanwa kwapani, miguu yao mirefu ikining'inia nje. Tuliporudi nyumbani, chakula hakula. Kuanzia siku hiyo picha zote alizokuwa amepiga akaziona si kitu. Alitaka hiyo moja.

Haikuwa rahisi. Vifaranga huanguliwa wakati wake, wanakua upesi, na baba huwabeba akiona hatari au mvua, si kila siku. Mwaka mmoja kiboko alilala juu ya kiota. Mwaka mwingine kibanda kilikuwa mbali mno, maana hakisogezwi ghafla, kinasogezwa hatua chache kila wiki ndege wakizoea. Kila mara alisema, "Mwaka kesho, mama watoto." Na mimi kila mwaka kesho nilikunja gauni.

Watu wa ufuoni, ambao wengi walikuwa jamaa zake, walituona. Waliona nini? Waliona mwanamke kutoka juu anaingia mafunjoni na mumewe asubuhi, na baada ya muda mfupi anatoka peke yake akiimba nyimbo za kanisa kwa nguvu zote. Kila wiki. Walivumilia kwa muda mrefu, halafu tukaitwa.

Tulikalishwa nyumbani kwa baba yake mdogo, na shangazi zake wawili wakaja kutoka Awasi. Tulipewa chai na viazi vitamu, na hapo nikajua jambo ni zito. Shangazi mkubwa akaniuliza kwa upole, "Mama, kwani anakufanyia nini huko ndani?" Kicheko kilinipanda, nikainamia kikombe nisije nikawakosea heshima. Mume wangu akaeleza. Akaeleza kuhusu ndege, na kuhesabu, na wawili kuingia na mmoja kutoka. Walimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," baba mdogo akasema, "ni ndege ndio wanaokataa mke wako akae na wewe?"

"Yawa!" shangazi mmoja akasema, akashika kiuno.

Tukacheka sote, hata mume wangu. Walituombea, wakatusindikiza, na kesi ikaisha. Lakini tulipokuwa tunaagana yule shangazi mkubwa alinishika mkono akaniuliza kando, "Na wewe, siku zote hizo, hujawahi kubaki?" Nikamwambia sijawahi. Akatikisa kichwa. Nilikwenda nalo swali hilo mpaka nyumbani, na lilinichosha kuliko matope.

Nilikuwa nimechoka. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilichoka mgongo kwa cherehani na magoti kwa matope, na nilichoka kuwa mtu wa nje ya raha ya mume wangu. Sikumchukia. Jioni akitoka chumba cha giza na picha iliyolowa, akiishika kwa ncha za vidole aje anionyeshe mimi kwanza, nilimpenda sana. Lakini asubuhi ya Jumamosi ikifika, nilitamani anyeshewe.

Kifua kilianza na kikohozi kidogo cha asubuhi. Tukasema ni baridi ya ziwa. Baadaye kikawa cha usiku na mchana, akakonda, mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya. Hospitalini walimchoma sindano kwa miezi, wakampa dawa, na daktari akamwambia mbele yangu asikae kwenye unyevu tena. Akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Jumamosi iliyofuata nikamkuta anapanguza lenzi.

Nilipiga kelele siku hiyo majirani wakatoka. Nikamwambia, "Hao ndege watakuzika wewe? Watakuja na uji matangani?" Alinitazama, akasema polepole kwamba vifaranga wamekwisha kuanguliwa, aliwaona juzi kwa mbali, na kwamba kama si mwaka huu hafikirii kutakuwa na mwingine. Hakusema kwa kulalamika. Alisema tu. Mimi nilikuwa nimelijua jambo hilo kwa wiki nyingi na nilikuwa nalizunguka, na sasa yeye alikuwa ameliweka mezani. Nikaenda kutafuta kanga ya kufunika stendi.

Tulikwenda, na haikuwezekana. Nilipokuwa narudi barabarani nikimwacha kibandani nilisikia kikohozi chake nyuma yangu, na ndege wote wakaruka. Tukajaribu tena kesho yake. Alitafuna tangawizi, alijifunga kitambaa mdomoni, akauma gunia. Kikohozi hakisikii. Ndege walikwishajua kwamba kile kibanda kinakohoa. Njiani kurudi alikaa nyuma ya baiskeli na mimi ndiye niliyesukuma, na hapo akasema, "Utabaki wewe."

"Nibaki nifanye nini?"

"Upige. Mimi nitaondoka."

Wiki nzima alinifundisha uani. Jirani yetu alikuwa na kuku mwenye vifaranga, na mimi nilikaa kwenye kigoda na lenzi ile ndefu, kamera haina filamu, namfuata kuku. Zungusha pete ya lenzi mpaka jicho la ndege litulie. Usivute pumzi unapobonyeza. Kitu cha kwanza ni jicho, jicho likiwa na ukungu picha hiyo tupa. Majirani walipita wakanichungulia, wakadhani ugonjwa wa mume umenipanda kichwani. Mwanzoni nilimpoteza kuku kila alipopiga hatua. Lakini kuku alipokusanya watoto wake chini ya bawa, na mimi nikaona jicho lake wazi, ukingo wake mwekundu, kila kitu, nilisahau ugali jikoni ukaungua. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Sasa umejua," akasema. Nikajua, na nikamkasirikia upya kwa miaka yote ambayo sikujua.

Jumamosi ikafika. Tulikwenda polepole sana. Tulipofika kibandani alihema muda mrefu, mkono wake kwenye goti langu. Kisha akaweka filamu mwenyewe, akaangalia mwanga, akarekebisha kila kitu, akanitazama.

"Lolote utakalosikia huko nje, usitoke mpaka nije kukuchukua."

"Hata kiboko?"

"Hata kiboko. Mama watoto, nimesema lolote."

Nikamwambia sawa. Akanigusa bega, kwa mazoea, ingawa safari hii ni yeye aliyekuwa anakwenda. Tukacheka bila sauti. Akatoka.

Ufuo ulijipinda pale, na kijia kilizunguka ghuba kikapita ng'ambo ya maji, mbele ya tundu la kamera. Ndiyo sababu ndege waliweza kumwona anayeondoka. Kwa hiyo na mimi nilimwona. Nilimwona akivuka matope akishika mafunjo, akisimama, akivuka tena. Shati lilimpwaya mgongoni. Nyumbani nilimwona kila siku na sikuwa nimeona. Akiwa kitandani au kwenye kiti mtu anaweza kukudanganya, lakini akitembea mbali nawe, peke yake, kwenye uwanja mtupu, huwezi kudanganyika. Mume wangu alikuwa amekwisha.

Alipofika ng'ambo, ndege wakaanza kurudi. Kwanza vitwitwi, wakikimbia ukingoni karibu kabisa na mimi, nikasikia hata midomo yao kwenye tope. Nilikuwa sijui kwamba wanatoa sauti ndogo ndogo wakila, utadhani wanasemezana. Halafu akaja yeye, baba wa vidole, jani kwa jani, na nyuma yake vifaranga, vidogo, miguu mirefu kuliko mwili. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Nikazungusha pete, jicho likatulia.

Wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani na upepo ukaanza. Baba akasimama, akachuchumaa, akafungua mabawa kidogo. Mmoja akaingia. Wa pili akaingia.

Na ng'ambo, nyuma yake, kwenye kioo kile kile cha lenzi, nikaona doa jeupe la shati likisimama. Likainama. Sikumsikia akikohoa, upepo ulikuwa unapeleka sauti upande mwingine. Nilimwona akipiga magoti, mkono mmoja chini, kisha akalala ubavu kwenye majani na hakuinuka.

Ndege akainuka. Miguu ya watoto ilining'inia chini ya mabawa yake, mingi, hivyo hivyo alivyonieleza. Jicho lilikuwa wazi kabisa. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, na ilibaki kubonyeza tu, kazi ya kupepesa jicho.

Sikubonyeza. Sikufikiri pia, watu wananiuliza nilifikiri nini, sikufikiri kitu. Nilipasua mlango wa gunia nikatoka, kigoda kikaanguka, stendi ikaanguka, na matopeni ndege wote wakaruka kwa mara moja wakipiga kelele juu ya kichwa changu. Nilikimbia ukingo wote wa ghuba, gauni limelowa mpaka kiunoni, nikimwita kwa jina lake, jina ambalo sikuwa nimelitumia tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe.

Alikuwa hai. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi, kitambaa kina damu mkononi. Nilikaa kwenye majani nikaweka kichwa chake mapajani mwangu. Matone ya kwanza ya mvua yalianza. Alihema, akahema, akapata pumzi ya kusema.

"Umepiga?"

"Sikupiga."

Akafumba macho. Nikamfuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa amewabeba?"

"Amewabeba. Miguu inaning'inia."

Nikainama kumtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikujua ni ya kifua au ya picha. Halafu akafungua macho, akanitazama sawasawa, bila hasira, na akaniambia ukweli, maana mtu huyu hakuwahi kunidanganya.

"Ingekuwa wewe umeanguka," akasema, "ningepiga kwanza. Halafu ningekuja."

"Najua," nikamwambia.

Nilijua tangu siku nyingi. Lakini kuambiwa ni kitu kingine, na nililia pale kwa sauti, mvua ikitunyeshea, na yeye akanishika mkono, akawa ananipapasa kidole kimoja kimoja, akisema pole, mama watoto, pole, pole sana.